Nani atalipia MBA yako? Majibu kwa maswali ya wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ada ya shahada ya uzamili ya biashara itatoka wapi? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Nimeomba ufadhili wa nje mara mbili, na mara zote nimeenguliwa hatua ya kwanza. Matokeo yangu ni mazuri na nafanya kazi benki. Nakosea wapi? (Mhasibu, Dodoma)

Huenda fomu uliijaza vizuri tu, ila ulibisha hodi pasipokuhusu. Wafadhili kadhaa wakubwa hawalipii MBA, na wamelisema hilo kwenye masharti yao, sehemu ya chini ambako waombaji wengi hawafiki. Gates Cambridge, ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge, hailipii MBA wala shahada ya uzamili ya fedha, ile ya MFin. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na Uingereza kwa kawaida hauigusi MBA, na ule wa Japani na Benki ya Dunia umeelekezwa kwenye masomo ya maendeleo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inaikubali MBA, lakini ina kikomo cha ada itakayolipa, na kinachozidi ni juu yako. Ukichagua chuo cha bei ya juu jijini London, unaweza kushinda ufadhili na bado ukadaiwa maelfu ya pauni. Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa insha, soma kwanza sehemu inayotaja wasiostahili.

Fedha nyingi za MBA ziko kwa vyuo vyenyewe. Harvard hutoa msaada kwa kuangalia uhitaji wa mwanafunzi, si alama zake, na mwaka 2022 ilitangaza kuwalipia ada yote wanafunzi wenye uhitaji mkubwa kabisa, takriban asilimia 10 ya darasa. Stanford ina mpango kwa ajili ya raia wa nchi za Afrika wenye uhitaji: unalipiwa ada, kisha unatakiwa kurudi Afrika ndani ya miaka miwili baada ya kuhitimu na kufanya kazi huku kwa miaka isiyopungua miwili. INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa, ina ufadhili wa Greendale kwa waliotoka katika mazingira magumu kusini na mashariki mwa Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo.

Usiisahau Ujerumani. Chuo Kikuu cha Leipzig kina MBA ya biashara ndogo na za kati, SEPT, ambayo imekuwa kwenye orodha ya masomo ya maendeleo ya DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi. Huko wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na shahada yako isiwe na zaidi ya miaka sita tangu uipate. Maombi yanakwenda chuoni moja kwa moja. Watu huyapeleka DAAD, na huko ndiko yanakopotelea.

Shikamooni. Nina GPA ya 3.4 kwa mfumo wetu wa 5. Niibadilishe iwe ya Marekani ya 4? (Mhitimu, Morogoro)

Marahaba. Hapana, usiibadilishe. Andika 3.4 kati ya 5 kama ilivyo kwenye karatasi ya matokeo, na utaje daraja la shahada. Vyuo vina watu wa kutafsiri mifumo ya nchi nyingine. Ukipiga hesabu yako mwenyewe na isilingane na yao, swali litakuwa juu ya uaminifu wako, na alama zitakuwa zimesahaulika.

Nataka kuingia darasani Septemba ya mwaka kesho. Bado nina muda? (Mhandisi, Kisumu)

Unao, ila hesabu kwa kurudi nyuma. Vyuo vingi vya MBA hupokea maombi kwa awamu: ya kwanza mwezi Septemba, ya pili mwanzoni mwa Januari, ya tatu Machi au Aprili. Lenga mbili za mwanzo. Ukifika ya tatu, sehemu kubwa ya fungu la ufadhili huwa imeshagawiwa, na muda wa kuhangaikia viza umebana. Dirisha la Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti au Septemba na kufungwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Hao wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambazo ukifanya kazi saa 40 kwa wiki ni wiki 70.

Mtihani wa GMAT, ambao vyuo vya biashara huutumia kupima waombaji, ufanye kufikia Juni au Julai, ili ukiteleza uwe na nafasi ya kurudia. Sheria inataka zipite siku 16 kati ya jaribio na jaribio. Alama zake ni kuanzia 205 hadi 805 na hudumu miaka mitano, ilhali za IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miwili tu. Ada yake kwenye kituo ni dola 275 hivi. Kabla hujalipa, iandikie ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka uulize kama wana msamaha wa ada ya mtihani au ya maombi. Vingi vinao, na huwa havitangazi.

Tena, jisajili kwa majina yale yale yaliyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, pasipoti ina matatu, mtu anajisajili kwa yale ya cheti: mlangoni anarudishwa na fedha haimrudii. Kama majina ya vyeti vyako hayafanani, nenda kwa wakili mapema upate hati ya kiapo.

Wadhamini wako, yaani wanaokuandikia barua za mapendekezo, wape wiki sita, na waombe watumie barua pepe ya ofisi. Barua ya bosi inayotoka kwenye anwani binafsi huchelewesha uhakiki.

Chuo kimenitumia fomu ya msaada wa kifedha. Nina mshahara na duka la vipuri vya pikipiki, lakini nasomesha wadogo zangu na nina mkopo wa SACCOS. Fomu haina mahali pa kuyaeleza haya. (Msomaji, Mwanza)

Hapa ndipo waombaji wetu wengi hupoteza fedha waliyostahili, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Fomu hizi zimetungwa zikimfikiria mtu mwenye mshahara mmoja na familia ya mume, mke na watoto. Zijaze kwa ukweli mtupu, kisha ambatanisha maelezo ya ukurasa mmoja. Weka kila fungu kwenye mstari wake na kiasi chake: "Ada ya mdogo wangu, kidato cha tano, shilingi 900,000 kwa mwaka, risiti imeambatanishwa." "Matunzo ya mama, shilingi 150,000 kwa mwezi, kwa simu. Taarifa ya miamala ya miezi sita imeambatanishwa." Maneno kama "nategemewa na familia kubwa" hayamsaidii afisa, kwa sababu hana tarakimu ya kutoa kwenye hesabu.

Duka liandike kwa faida, si kwa mauzo, na uweke makadirio ya kodi ya TRA. Mkopo wa SACCOS ni deni halali, omba barua ya salio. Kama una kiwanja, kitaje pia, hata kama hakijapimwa, na ueleze kwamba hakiuziki haraka. Taja kiwango cha kubadilisha fedha ulichotumia na tarehe yake. Wasomaji wa Kenya, fomu ya P9 inatosha kuthibitisha mshahara.

Kinachowaponza watu ni tarakimu zinazogongana. Insha inasema unaendesha biashara yenye matawi matatu, fomu inasema huna kipato nje ya mshahara. Afisa anazisoma zote mbili siku moja.

Wakala anataka laki tatu anihakikishie skolashipu. (Msomaji, Tanga)

Usimpe. Hakuna mtu wa nje anayeweza kukuhakikishia ufadhili, na Chevening na DAAD hazitozi ada ya maombi. Kama ni ushauri unaoutaka kwa ajili ya Marekani, vituo vya EducationUSA vya Dar es Salaam na Nairobi hushauri bure.

Nina miaka 36. Nimechelewa? (Mwalimu, Mombasa)

Kwa baadhi, ndiyo. Ufadhili wa serikali ya China kwa uzamili unataka uwe chini ya miaka 35, wa Uturuki chini ya 30, na Eiffel wa Ufaransa usizidi 25 (huo, zaidi ya hayo, haulipi ada ya masomo). Chevening haina ukomo wa juu wa umri. Misaada ya vyuo inayotolewa kwa uhitaji kwa kawaida haiangalii umri, na uzoefu wako ni hoja nzuri huko.

Chuo kimoja Uingereza kimenipa nusu ya ada, kingine robo. Natakiwa kujibu ndani ya wiki mbili. (Msomaji, Kampala)

Usilipe amana bado, kwani ukishalipa nguvu ya kuomba inapungua. Andikia ofisi ya ufadhili ya chuo unachokipenda zaidi barua fupi: eleza pengo lililobaki kwa tarakimu, ambatanisha barua ya chuo cha pili, omba wafikirie upya, na omba muda wa kujibu uongezwe. Fanya hivyo kwa adabu na mara moja tu. Usitegemee kuahirisha mwaka ukiwa na ufadhili mkononi, maana mara nyingi nafasi huhamishwa lakini fedha haihami.

Mkopo upo. Kampuni ya Prodigy Finance hukopesha wanafunzi wa vyuo vilivyo kwenye orodha yake bila mdhamini wala dhamana, ila hakikisha kwanza uraia wako na kozi yako vinakubalika. Deni ni la fedha za kigeni, na ukirudi kulilipa kwa mshahara wa shilingi, kila shilingi inaposhuka deni linapanda.

Halafu piga hesabu ya yasiyo ada. Tozo ya afya ya Uingereza ni pauni 776 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ya kozi ya miezi 12 huongezewa miezi kadhaa, utatozwa ya mwaka na nusu, yaani pauni 1,164, yote kwa mkupuo siku ya kuomba viza. Fedha ya kujikimu ya hadi miezi tisa lazima ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Ikishuka siku ya 27, unaanza kuhesabu upya.