Jina la gemu: tovuti inasema lipo wazi, gemu inakataa

Mdogo wangu wa Makorora, swali lako nimelisoma. Tovuti ya kupima majina imekuambia jina lako la herufi nne lipo wazi na ni adimu mno, ukilipeleka Minecraft linakataliwa, na sasa kuna mtu anataka umtumie pesa akupe akaunti yenye jina hilo. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu vijana wanaokuja kucheza kwangu hapa Ngamiani, Tanga, huniuliza jambo hilihili, na wapo walioliwa pesa zao.

Hiyo pesa usiitume. Nitaeleza sababu.

Tovuti hizo hazina mlango wa siri. Zinaiuliza seva ya Mojang, kampuni iliyotengeneza Minecraft, kama kuna mchezaji mwenye jina fulani. Seva ikitoa namba ya utambulisho, jina lina mwenyewe. Isipotoa kitu, tovuti inakuandikia "lipo wazi". Tatizo liko hapo, maana seva inaweza kukaa kimya kwa sababu kadhaa. Mchezaji akibadilisha jina, lile la zamani hufungiwa siku 37 kabla mtu mwingine hajaruhusiwa kulichukua. Yeye mwenyewe anaweza kubadilisha tena baada ya siku 30, kwa hiyo anabaki na wiki nzima ya kulirudia kabla halijaachiwa. Siku zote hizo tovuti itaonyesha halina mtu na gemu itakukatalia. Mengine yamezuiwa moja kwa moja na kichujio cha maneno machafu, na hayo hayatafunguka hata ungoje mwaka.

Kipimo ninachokiamini ni kimoja: ingia kwenye akaunti yako, fungua ukurasa wa Minecraft wa kubadilisha jina, liandike, usome jibu. Usithibitishe kama hujaamua, maana ukithibitisha ndio siku zako 30 zinaanza. Na tovuti ikikutajia tarehe na saa jina litakapoachiwa, ujue Mojang iliondoa historia ya majina kwa umma Septemba 2022. Tangu hapo tarehe hizo ni kumbukumbu za tovuti yenyewe au makisio.

Sasa uadimu. Ile alama uliyopewa haikutoka Mojang, ni hesabu ya mwenye tovuti. Ukitaka kujua ukweli, piga hesabu mwenyewe. Minecraft inakubali herufi 26, tarakimu 10 na mstari wa chini, jumla alama 37, na haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Majina ya alama tatu yanayowezekana ni 50,653 tu. Ya alama nne ni 1,874,161, na ukitaka herufi tupu bila tarakimu yanashuka hadi 456,976. Oktoba 2023 ilitangazwa kwamba nakala zaidi ya milioni 300 za gemu hii zimeuzwa. Si wote walionunua wanatumia majina ya aina hii, lakini unaona msongamano ulivyo. Ndiyo maana neno fupi linalotamkika lina thamani, na mimi nakubali lina thamani. Ila mchanganyiko kama q7_x, ingawa nao una alama nne, sijaona mchezaji anayeuhangaikia.

Halafu uadimu wa gemu moja hauhamii nyingine. Kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, watu elfu wanaweza kutumia jina moja, kinachowatofautisha ni namba ya tarakimu 17. Kwenye Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, tangu 2019 unaweza kuchukua jina lenye mwenyewe, ila litafuatiwa na alama ya # na tarakimu, hivyo adimu kule ni lile lisilo na mkia. Roblox ina jina la kuonyesha, ambalo si la mtu mmoja, na jina la mtumiaji, ambalo ni la mmoja tu. Kulibadilisha hilo la pili ni Robux 1,000 (pesa ya ndani ya Roblox), na la zamani linabaki limefungwa kwenye akaunti yako. Kwa hiyo Roblox usikae ukingoja mtu aliachie jina.

Kuhusu muuzaji: kuuziana akaunti ni kinyume cha masharti, na mwenye akaunti wa asili akiwa na uthibitisho wa ununuzi anaweza kuirudisha hata baada ya kukuuzia. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alilipa, akalitumia jina kwa muda mfupi, asubuhi moja neno la siri likakataa. Muuzaji alikuwa ameshazima simu. Iliniuma sana, maana pesa ile aliichanga kwa kubeba mizigo sokoni.

Kama unachotaka ni jina ambalo mtu akilisikia anakujua, usijifunge kwenye herufi nne. Minecraft inaruhusu hadi 16. Jaribu majina ya kwetu, Tongoni, Raskazone, Amboni, ukiunganisha na lako la utani bila kurundika tarakimu. Mimi naliona hilo bora kuliko herufi nne zisizo na maana.

Fungua huo ukurasa wa akaunti leo, uandike hapa maneno yaleyale utakayojibiwa. Jibu likisema jina haliruhusiwi, achana nalo. Likisema limechukuliwa na tovuti bado inaonyesha halina mtu, huenda liko ndani ya zile siku 37, basi jaribu tena mwezi ujao.