Mdogo wangu anameza ARV na unga wa mganga: nimkataze?

SWALI: Mdogo wangu anaishi na VVU na yuko kwenye ARV mwaka wa pili sasa. Juzi juzi mganga wa tiba asili kampa unga wa mizizi, anakunywa asubuhi na jioni. Anasema nguvu zimemrudia. Nahofia dawa zitagongana. Nimkataze? Na hivi waganga wana nafasi gani kwa mgonjwa kama huyu?

JIBU: Usianze kwa kumkataza. Mgonjwa akigombezwa haachi mizizi, anaacha kusema, na sisi wafamasia tunamhofia zaidi anayekunywa kimyakimya.

Muulize kwanza: mganga amemwambia aache vidonge? Kama ndiyo, hapo hakuna mjadala. Hakuna mmea uliothibitishwa kuondoa VVU mwilini. ARV zikiachwa, virusi huongezeka tena ndani ya wiki chache tu, na kumeza kwa kurukaruka ndiko kunakoleta usugu wa virusi kwa dawa. Nguvu kurudi ni habari njema, ila haisemi lolote kuhusu virusi. Kinachosema ni kipimo cha wingi wa virusi.

Kama anatumia vyote viwili, kugongana kunawezekana, na njia zake si moja. Wengi siku hizi wanameza kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Dolutegravir hunaswa tumboni na madini kama chuma, kalsiamu, magnesiamu na alumini, ikapita bila kuingia kwenye damu. Dawa ya asili iliyochanganywa na udongo au majivu inaweza kuleta shida hiyohiyo. Hapa kuachanisha saa kunasaidia: kidonge kimezwe saa 2 kabla ya mchanganyiko huo, au saa 6 baada yake.

Kwenye ini, saa hazisaidii. Mimea mingine, haiperikamu (mmea unaoitwa St John's wort kwa Kiingereza) ikiwa mfano unaojulikana sana, hulichochea ini kuvunja dawa upesi kuliko kawaida, na ini likishachochewa hubaki hivyo kwa siku nyingi hata mtu akiacha. Figo nazo ziangaliwe, maana tenofovir hutolewa kupitia huko. Dawa ya kutapisha au kuharisha ina hatari iliyo wazi zaidi: kidonge kinatoka kabla hakijafanya kazi.

Kuhusu nafasi ya waganga, mimi si mmoja wa wanaowabeza. Wana muda wa kumsikiliza mtu, jambo ambalo foleni ya kliniki haituruhusu. Uganda waliliona hili mapema: mwaka 1992 ulianzishwa mradi wa THETA, waganga na watumishi wa afya wakafanya kazi pamoja dhidi ya UKIMWI. Mganga anayemhimiza mgonjwa asikose dozi, anayetumia wembe mpya kwa kila mtu anayechanjwa, na anayejua wakati wa kumpeleka hospitali, huyo ni mwenzetu.

Huo wakati wa kumpeleka ndio wenye uzito. Kwa anayeishi na VVU, kikohozi cha siku yoyote ile, homa, kukonda au jasho la usiku, hata kimoja tu kati ya hivyo, kinatosha kumpima kifua kikuu. Asisubiri wiki mbili. Na kichwa kinachouma mfululizo, shingo kukakamaa, mtu kuanza kuweweseka: mara nyingi husemwa ni mashetani, kumbe yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Anayepungiwa siku kadhaa kwanza anaweza kufika hospitali akiwa amechelewa.

Sasa mwambie mdogo wako aende kliniki na huo unga, pamoja na chochote kingine anachokunywa. Hakuna maabara itakayomsomea vyote vilivyomo, lakini mhudumu ataandika kwenye faili na kuamua kama apimwe ini na figo. Kama wingi wa virusi ulipimwa mara ya mwisho kabla hajaanza unga, aombe urudiwe. Na kama mganga yuko tayari, waende wote.