Mnaotaka kuchangia programu huria, mjueni kwanza anayewasoma

Wadogo zangu mnaoingia GitHub, ile tovuti watu wanakojengea programu pamoja, kutafuta mradi wa kuchangia, wengi mnaniuliza mjifunze lugha gani kwanza, Python au JavaScript, mi naona hilo ni dogo. Kodi, yani maandishi ya programu, kule ziko kibao, shida ni muda wa mtu wa kuzisoma. Unakuta mradi unatumika dunia nzima ila unashikwa na watu wawili tu, mchana wana kazi zao za mshahara, mradi wanaugusa usiku watoto wakishalala. Ukilijua hilo, mambo mengi unayoona kama jeuri yatakueleweka.

Kwa mfano salamu. Sisi tumelelewa kwamba humvamii mtu na shida, unaanza habari za leo mkuu, unasubiri aitikie, ndo useme. Kule ukiandika hello sir halafu ukanyamaza utakaa hapo mpaka kesho, maana wa California anaenda kulala wakati we unakunywa chai ya asubuhi. Salamu na swali viende kwenye meseji moja. Na hiyo sir acha, wanaitana majina tu hata mtu awe mzee.

Swali lenyewe sasa. "Haifanyi kazi naomba msaada" hakuna wa kukusaidia hapo. Sema unatumia toleo gani, kwenye Ubuntu au Windows gani, ulifanya nini, ulitegemea nini, ukapata nini, na ule ujumbe wa kosa ubandike kama maandishi. Jamani siyo picha ya skrini uliyopiga na simu huku taa inawaka kwenye kioo, nani atakopi neno kutoka kwenye picha?

Ukituma mabadiliko, PR (pull request, ombi la kuingiza mabadiliko yako kwenye mradi) moja jambo moja. Kuna mtu anarekebisha mistari mitatu, kumbe editor yake ya kuandikia kodi imepanga upya nafasi za faili zima, msimamizi akifungua anakutana na mistari 800 ya nyekundu (iliyofutwa) na kijani (iliyoongezwa), anaifunga bila kusoma na mi ningeifunga. Piga amri ya git diff, inakuonyesha ulichobadilisha, kabla ya kutuma, usome mwenyewe kwanza. Na msijaze PR za kuongeza neno moja kwenye README, lile faili la maelezo ya mradi, ili tu muonekane mmechangia. Hacktoberfest, shindano la kila Oktoba la kuchangia programu huria, ya 2020 ilikuwa inatoa tisheti kwa PR nne, watu wakamwaga takataka mpaka waandaaji wakabadili sheria mwezi ndo kwanza umeanza, ikawa inahesabika miradi iliyokubali kushiriki tu.

Halafu yanakuja maoni, na hapa ndo wengi wanapotelea. Unapata maoni kumi na mawili kwenye kazi yako, unajisikia vibaya, unaondoka kimya. Yani hayo maoni kumi na mawili ni mtu amekupa saa yake nzima! Wa kukuogopesha ni yule asiyesema kitu. Ukiona "nit" ni kitu kidogo cha kusafisha tu, "LGTM" ni kwamba poa, imepita. Jibu kila hoja, usipokubaliana toa sababu. Ukali ulikuwepo kweli, Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, aliomba radhi Septemba 2018 akapumzika kidogo, na Linux ikapata kanuni za mwenendo, kwa hiyo matusi ripoti, ila kuambiwa kodi yako ni nzito au haina majaribio ya kuipima siyo tusi.

Wakichelewa kukuamini usishangae. Machi 2024 mtaalamu wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili, umewekwa na aliyejiita Jia Tan ambaye alichangia kwa upole mpaka akapewa usimamizi. Na kabla hajapewa kuna akaunti zilikuwa zinamsakama msimamizi aliyechoka, mbona huharakishi, mbona mradi umelala. Ndo maana siku hizi mgeni anayekimbiza watu anatia mashaka.

Kwa hiyo ukituma, tulia. Maelekezo ya Linux yanasema ungoje angalau wiki moja kabla ya kukumbushia, na we fanya hivyo hivyo kwingine. Wiki ikipita andika mstari mmoja: habari, nimerekebisha mliyosema, majaribio yanapita, kuna kingine kimebaki? Wakifunga bila kuipokea, kodi bado iko kwenye tawi lako, ile nakala yako ya mradi, uliza sababu mara moja tu halafu shika ishu nyingine, yani tatizo jingine lililoandikwa kwenye mradi.