Mdogo wangu, usiuze nyumba ya Ngamiani

Mdogo wangu, ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini, nikaurudia tena usiku watoto walipolala. Umeniuliza mambo matatu. Fleti ile uliyoiona pichani tuliinunua kwa bei gani. Je, ukija kusoma mwakani unaweza nawe kununua yako. Na je, tuiuze nyumba ya marehemu baba pale Ngamiani, Tanga, ili hela iwe kianzio chako cha kununulia nyumba huku Melbourne. Binamu zetu nao wameniuliza lile la kwanza, kwa hiyo najibu mbele ya wote.

Naanza na la mwisho, maana ndilo lililoninyima usingizi. Usiuze. Nitakueleza kwa kirefu, lakini hata ukiishia hapa kusoma, shika hilo.

Hata ungekuwa na hela mkononi, sheria ingekuzuia. Kuanzia 1 Aprili 2025 hadi 31 Machi 2027 serikali ya Australia imewapiga marufuku wageni kununua nyumba ambayo tayari imeshakaliwa, na mwanafunzi mwenye viza ya muda anahesabiwa kuwa mgeni. Nyumba mpya unaweza kuombea kibali, ambacho nacho kina ada yake, kisha jimbo letu la Victoria linakutoza ushuru wa ziada wa asilimia 8 ya bei kwa sababu wewe ni mgeni. Wakala anayekuambia huko Dar kwamba "ukifika tu unanunua" anataka ada yako ya shule. Mimi mwenyewe nilikaa hapa miaka minane, nikapata ukaazi wa kudumu, ndipo nikathubutu kuingia benki.

Sasa picha. Niliipiga roshani siku ya ubatizo wa mtoto, jua limetoka, nyuma yetu yanaonekana maghorofa ya katikati ya jiji. Kila mtu akadhani tunaishi kwenye jengo la kitajiri. Ukiingia ndani kutoka pale roshani unakuta sebule ambayo ukitaka kukunjua kochi liwe kitanda, lazima kwanza ubebe meza uiweke koridoni. Vyumba viwili, bafu moja, jiko liko ukutani mwa sebule, mashine ya kufulia iko bafuni pembeni ya choo. Ukumbi wa nyumba ya Ngamiani, ule tunaotandika majamvi wakati wa msiba, ni mrefu kuliko fleti yetu yote kutoka mlangoni hadi roshani. Naipenda fleti hii, na nimeilia machozi. Ila nataka uijue ilivyo.

Iko Footscray, kilomita kama tano magharibi ya katikati ya Melbourne, ng'ambo ya mto Maribyrnong. Zamani ulikuwa mtaa wa viwanda: machimbo ya mawe, kiwanda cha risasi, machinjio, kiwanda cha kamba. (Niliposikia habari za kiwanda cha kamba nilikumbuka katani za kwetu, nikajisikia siko mbali sana na nyumbani.) Wafanyakazi waliishi kwenye vinyumba vya mbao vilivyobanana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaja Wagiriki, Waitalia na Wayugoslavia, kisha Wavietinamu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, halafu Waethiopia, Wasudani, Wasomali na sisi wengine. Ukishuka kituoni Jumamosi asubuhi unakutana na soko moja kwa moja, samaki wamelala kwenye barafu, Wavietinamu wanaita bei kama kule soko la Mgandini. Mtaa wa Nicholson kuna Mhabeshi anayekaanga kahawa yake mwenyewe. Harufu inakushika kabla hujafika mlangoni. Muhogo wa kugandishwa upo, ndizi mbichi zipo, bamia zipo. Mtoto wangu anaenda shule kwa miguu.

Pia nakwambia, hapo hapo Nicholson kuna watu wanaojidunga dawa, wanagombana mchana kweupe, na jioni sipiti peke yangu upande ule. Yote ni ya mtaa mmoja.

Kabla ya kununua tulipanga kwa miaka, na hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Mnadhani tulinunua kwa sababu tulikuwa na hela. Tulinunua kwa sababu ya kuchoka kuhamishwa. Mwaka 2017 mwenye nyumba aliamua kuuza, tukapewa siku 60. Mwaka 2019, nyumba nyingine, mwenye nyumba akataka kurudi kukaa mwenyewe: siku 60 tena, na mimi nina mimba ya miezi saba. Upangaji wa huku una mazuri yake. Hulipi kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama Dar, na amana yako haikai mfukoni mwa mwenye nyumba, inahifadhiwa na mamlaka ya serikali. Lakini kila baada ya miezi sita wakala ana haki ya kuja kukagua. Siku moja alikuja dada mmoja, mdogo kwangu kwa umri, akafungua oveni yangu, akainama, akapiga picha ndani. Halafu akafungua kabati la chini ya sinki akapiga picha. Hakuniambia neno baya. Alifanya kazi yake. Lakini nilisimama pale na kanga yangu kiunoni nikajiona kama mtoto anayekaguliwa kucha na mwalimu wa zamu. Usiku ule mimi na shemeji yako tukakubaliana kununua, hata kiwe chumba kimoja.

Tukadunduliza miaka miwili. Zamu za wikiendi kwenye nyumba ya wazee zinalipa zaidi, nikazichukua zote. Shemeji yako akaingia usiku ghalani. Wenzetu wa kanisani wakatushangaa: kwa bei ya fleti ya vyumba viwili Footscray, wakati ule ungeweza kupata nyumba ya vyumba vitatu yenye uwanja kule Melton. Na ni kweli. Nitakuwa mkweli zaidi: tangu hapo nyumba zao zimepanda thamani, fleti yangu imepanda kidogo mno. Kwa hesabu ya biashara, wao walipatia.

Lakini Melton ni kilomita kama 40 kutoka mjini. Zamu yangu inaanza saa moja kasoro robo asubuhi, shemeji yako anarudi saa kumi na mbili alfajiri, na hatukuwa na magari mawili. Kule tungehitaji magari mawili, mafuta, bima mbili, na mtoto angeamshwa saa kumi alfajiri apelekwe kwa mlezi. Hapa shemeji yako anaingia, mimi natoka, tunapokezana mtoto mlangoni. Nilichonunua ni ile nusu saa ya asubuhi. Mwenye gari na kazi ya karibu na Melton, mimi nitamwambia anunue Melton.

Huku nyumba nyingi zinauzwa kwa mnada, Jumamosi, barabarani mbele ya nyumba yenyewe. Mnadi anasimama kwenye kidaraja cha geti, anapiga karatasi kiganjani, majirani wametoka na vikombe vya kahawa kutazama. Ukishinda unasaini hapo hapo na unalipa asilimia 10. Hakuna kujirudi. Mnada wetu wa kwanza tangazo lilisema dola za Australia 420,000 hadi 460,000. Sisi ukomo wetu ulikuwa 460,000. Tulinyoosha mkono mara mbili tu. Ikauzwa 531,000. Wiki iliyofuata nikatazama mnada wa nyumba ya mbao mtaa wa pili, choo chake kiko uani, sakafu inabonyea ukikanyaga, ikafika karibu milioni moja. Mbao, mdogo wangu. Walikuwa wanalipia ardhi na ule ukaribu wa mji.

Hii yetu tuliipata Aprili 2021 bila mnada, dola 465,000. Ukinunua hivyo unapewa siku tatu za kazi za kubadili mawazo. Kwa kuwa ilikuwa nyumba yetu ya kwanza na bei iko chini ya 600,000, jimbo lilitusamehe ushuru wa stempu wote, jambo lililotuokoa maelfu. Ule mpango wa serikali wa kianzio cha asilimia 5 wakati ule ulikuwa wa raia peke yao; wakaazi wa kudumu walifunguliwa mlango Julai 2023, sisi tumeshapita. Tukatoa asilimia 10, na kwa sababu haikufika 20, benki ikatudai tulipe bima ya mkopo. Hiyo bima unailipa wewe, lakini anayelindwa ni benki.

Basi ukinisikia nikisema "nyumba yangu", jua kwamba mkopo ni wa miaka 30. Nikimaliza kulipa nitakuwa na miaka 66.

Na riba. Tulipochukua mkopo, riba ya benki kuu ilikuwa asilimia 0.10, na gavana wa wakati ule, Philip Lowe, alikuwa amesema huenda isipande mpaka 2024. Tukaamini, wengi tuliamini. Mei 2022 ikaanza kupanda, ikapanda mara 13, Novemba 2023 ikafika 4.35. Malipo yetu ya mwezi yalitoka kama dola 1,600 yakapita 2,500. Mshahara ni ule ule. Mwaka 2025 ilishuka mara tatu, tukapumua kidogo, lakini kule ilikokuwa haijarudi.

Katikati ya hayo, Januari 2023, ikaja barua ya uongozi wa jengo. Roshani za juu zilikuwa zinavujisha, maji yamepenya ukutani. Kila fleti ichange dola 6,400 ndani ya miezi mitatu, juu ya ada ya kawaida ya jengo ya kila robo mwaka. Kabla ya kununua, mwanasheria wetu alisoma kumbukumbu za kikao kimoja tu cha wamiliki. Tungeomba za miaka mitatu, tungeliona lile suala la maji limejadiliwa weee bila kumalizwa. Sikujua kuuliza. Anayenunua fleti kati yenu huko aliko, Toronto au Muscat, aombe vikao vyote, na asome mwenyewe.

Hapa ndipo nifungue kifua. Boma langu la Pongwe limesimama kwenye linta tangu 2022. Mama aliponiuliza nilimwambia nasubiri masika iishe. Wewe nilikuambia fundi amesafiri. Fundi hakusafiri. Hela ya kupaua ililipia maji ya roshani ya jirani nisiyemjua jina, na ile ya mbao na bati ikaenda kwenye riba. Niliona aibu kusema, kwa sababu mlikuwa mmeshaiona picha. Na najua mmoja wa shangazi zetu amesema nimewasahau kwa kuwa nimenunua ghorofa Ulaya. Australia si Ulaya, ila uchungu wake nauelewa, na ningependa mtu amsomee aya hii.

Usigeuze hizi dola kuwa shilingi, zitakutisha bure au kukupumbaza. Zihesabu kwa siku za kazi. Kwa kipato changu peke yangu, mkopo wa mwezi unameza zaidi ya nusu. Bado kodi ya halmashauri, ada ya jengo, bima, umeme. Nikiugua miezi miwili bila shemeji yako kuwa na kazi, benki ina haki ya kuanza safari ya kuichukua.

Sasa ipime nyumba ya Ngamiani. Vyumba sita, ukumbi, uani kuna mwembe na kisima. Haina deni la mtu. Kodi ya jengo mnakatwa kidogo kidogo kwenye LUKU, mnaponunua umeme. Wapangaji wawili wa vyumba vya mbele ndio wanaomnunulia mama dawa za presha. Iko hatua chache kutoka stendi ya daladala na soko. Hayo ndiyo niliyoyatafuta Footscray kwa miaka minane na nitayalipia kwa miaka 30. Baba aliijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa reli, hakumpigia benki magoti. Ukiiuza, hela yake ikifika huku haitoshi hata kile kianzio tulichotoa sisi, na sheria haitakuruhusu kununua, kwa hiyo itaishia kwenye ada ya chuo na kodi ya chumba. Ukimaliza kusoma, hakutakuwa na pa kurudi, na mama atakuwa anapanga.

Njoo usome, sikukatazi. Kochi lipo, meza tutaibeba koridoni kila usiku, mwaka wa kwanza hutalipa kodi kwangu. Ukipata kazi na ukaazi, nitakwenda nawe kwenye minada kila Jumamosi, nitakuonyesha kila kosa nililolifanya.

Kabla ya hapo nifanyie kitu kimoja. Hati ya Ngamiani iko kwenye sanduku la mama, kwenye bahasha ya kaki chini ya kanga za msibani, pamoja na cheti cha kifo cha baba. Bado iko kwa jina lake, mirathi hatukuwahi kuifungua. Itoe, uipige picha kurasa zote mbili, unitumie, kisha mwende na mama mahakama ya mwanzo mkaulizie taratibu. Nauli ya bajaji na ada yoyote watakayodai, niambie leo hii hii.