Wasomaji Wanauliza: Likizo Üçağız, Uturuki

SWALI: Mimi na mume wangu tunataka kupumzika wiki moja kwenye kijiji kidogo cha bandari Uturuki, si mji wa mahoteli. Tumeambiwa Üçağız panafaa. Twende mwezi gani, na tunafikaje? – Mama S., Raskazone, Tanga

JIBU: Mama S., nendeni mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Agosti jua linachoma, na mashua za watalii kutoka miji ya jirani ya Kaş na Demre hujaa ghubani. Aprili bahari ina nyuzi 17 au 18 tu. Mtu wa Raskazone atatumbukiza mguu na kuutoa. Kuanzia Novemba sehemu nyingi hufungwa.

Viza ipatikane kabla ya safari. Kisha kuna mitego miwili njiani. Ndege ya Dar es Salaam hutua uwanja mkubwa wa Istanbul, upande wa Ulaya, ila tiketi nyingi rahisi za Antalya, mji mtakaoanzia safari ya barabara, huondokea uwanja wa Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Kati ya viwanja hivyo ni zaidi ya saa nzima barabarani, na foleni ya Istanbul haina huruma. Kateni tiketi moja mpaka Antalya, mizigo ipitilize.

Mtego wa pili ni kipande cha mwisho. Kituo kikuu cha mabasi Antalya, pandeni basi dogo la Kaş linalopita Kemer, Kumluca na Finike, mshuke Demre. Hapo zimebaki kama kilomita 20, na usafiri wa abiria ni wa kubahatisha. Mwenye nyumba ya wageni awatumie gari, bei mkubaliane mapema. Bebeni dola au yuro, mbadilishe Antalya. Shilingi yetu huko haiwafai. Plagi zetu za pini bapa haziingii: tundu zao ni za pini mbili za duara. Saa msiguse, ni ileile ya kwetu.

SWALI: Nasikia kuna mji uliozama hapo. Maji yakipwa, naweza kuuendea kwa miguu? – B., Kaole, Bagamoyo

JIBU: Ndugu B., maji ya huko hayapwi kama ya kwetu. Bamvua la Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Pale tofauti haifiki hata nusu mita. Ndiyo maana meza za migahawa huwekwa juu ya gati, karibu kabisa na maji, na hakuna mwamba wa kuchokoa pweza.

Magofu yako ukingoni mwa kisiwa cha Kekova, upande wa kaskazini. Matetemeko ya karne ya 2 yaliyashusha. Kuogelea na kupiga mbizi juu yake ni marufuku. Kodi mashua asubuhi, kabla upepo haujachafua uso wa maji, utaona ngazi na kuta zilizochongwa mwambani. Mwambie nahodha akushushe Kaleköy, ambako gari halifiki: kuna ngome, na kaburi la mawe la Walikia, wenyeji wa kale wa pwani hiyo, limesimama majini. Vaa viatu vya mpira, mawe yana miiba.

SWALI: Samaki ni ghali? – Msomaji, Ngamiani

JIBU: Huuzwa kwa kilo, na hapo ndipo wageni hushtuka bili ikija. Uliza bei ya kilo, apimwe mbele yako, na ujue kwamba uzito huo ni pamoja na matumbo. Samaki wanaoitwa çipura na levrek wengi ni wa kufugwa. Ukitaka wa baharini, sema mapema.