Jibu: Joto la ardhini kwa hospitali yetu ya Goma?

Ndugu, umeuliza kama joto la volkano ya Nyiragongo linaweza kupasha na kupoza hospitali yenu. Kwa kazi hiyo volkano haihitajiki. Mabomba ya maji huzikwa chini, ambako joto ni lilelile mchana na usiku. Pampu, inayofanya kazi kama friji, huvuta joto humo au hulirudisha. Hapa Goma nani apashe vyumba? Mtakachofaidi ni maji moto ya kufulia mashuka na ubaridi wa chumba cha upasuaji. Pampu yenyewe inakula umeme, kwa hiyo jenereta msiiuze! Kutoboa lava iliyoganda, kama ile iliyomwagika mjini mwaka 2002, ni jasho. Na kabla ya kuchimba mpime mazuku: gesi ile hutuama mashimoni, huioni, na huua watu na mbuzi.