Data za darubini za redio ziko wazi kweli, lakini soma kichwa cha faili kwanza

Mkuu, umeuliza mawili. Inakuwaje darubini iliyojengwa kwa fedha nyingi iweke data zake mtandaoni bure, bila aliyeomba muda wa kuitumia kuporwa kazi yake? Na je, mtu asiye na chuo nyuma yake anaweza kuambulia chochote humo? Nitajibu kwa urefu, maana kwa miaka minne hii ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

La kuporwa ni jepesi. Anayepewa muda wa darubini hupewa pia kipindi cha kuzikalia data zake peke yake. Kwa darubini ya VLA ya New Mexico, Marekani, na ALMA ya Chile ni miezi 12 kwa kawaida. Data za pulsa (nyota zilizokufa zinazozunguka na kutupigia mapigo ya redio) za darubini ya Parkes, Australia, hukaa miezi 18. Kipindi kikiisha kufuli linafunguka, uwe umeshaandika makala yako au bado unajikuna kichwa. Miradi mingine haina hata hilo kufuli. VLASS, upimaji wa anga ambao VLA iliuanza mwaka 2017, data zake ghafi ni za wote tangu zinaporekodiwa.

Kwa nini wakubali? Kwa sababu anayeielekeza darubini huwa anatafuta kitu kimoja, ilhali darubini inarekodi kila kilichopita. Mwaka 2001 dishi la Parkes, lenye upana wa mita 64, lilikuwa likisaka pulsa upande wa Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani zetu. Miaka 6 baadaye Duncan Lorimer na wenzake walizipitia upya data hizo, na mwanafunzi David Narkevic akakuta mlipuko mmoja wa redio, usiofika hata milisekunde 5, uliotoka mbali kupita galaksi yetu. Leo milipuko ya aina hiyo ni somo zima linalojitegemea. Ila kinachonifurahisha mimi ni cha baadaye: mwaka 2019 watafiti wengine waliirudia hazina ileile, iliyokwishachambuliwa na watu kadha wa kadha, wakakuta mlipuko mwingine. Ulikuwa umejikalia humo miaka 18.

Sasa yangu. Kituo kimoja, nisikitaje, kilinichukua nihamishe kanda za sumaku za miaka ya themanini kwenda kwenye seva. Nilidhani kazi ni kusoma kanda na kupandisha mafaili. Kusoma kanda kulikuwa robo ya kazi; robo tatu ilikuwa kujua kilichomo. Kuna kanda niliikuta imeandikwa kwa kalamu ya wino: "jaribio 3, nzuri". Jaribio la nini? Nzuri kwa nani? Aliyeandika alikuwa ameshastaafu zamani.

Mafaili mengi ya kiastronomia huwa katika muundo wa FITS, unaotumika tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya themanini. Faili la FITS huanza na kichwa: mistari ya herufi 80 kila mmoja, haizidi wala haipungui, inayotaja darubini, tarehe, masafa, vizio na upande wa anga. Kifungue hata kwa programu ya kawaida ya maandishi, utakisoma kwa macho yako. Kikiwa kamili, mgeni wa miaka 40 baadaye hahitaji kumpigia mtu simu.

Kikipungua mstari, ndiyo haya yaliyonikuta. Nilipandisha picha kadhaa, wiki mbili baadaye nikaona nijaribu moja kwa kuibandikia juu yake orodha ya NVSS, upimaji mwingine wa anga wa VLA, yenye vyanzo vya redio karibu milioni 1.8. Nukta za orodha zikakataa kukaa juu ya vyanzo vya kwenye picha. Zote zilikuwa zimesogea upande mmoja, zaidi ya nusu digrii, yaani kupita upana wa mwezi mpevu. Siku tatu nzima nikailaumu antena. Siku ya nne nikashuka stoo kutafuta daftari la zamu, na pembeni mwa ukurasa nikakuta mtu kaandika "1950". Basi, hilo tu.

Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia ya kuchezea inayokaribia kulala, hivyo namba zinazotaja mahali pa nyota hutegemea umezipima kwa rejea ya mwaka gani. Picha zangu zilikuwa za rejea ya 1950. Mstari wa EQUINOX, unaotaja mwaka huo wa rejea, haukuwemo kichwani, na programu ilipokosa cha kusoma ikajichukulia kuwa ni rejea ya 2000. Haikulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi. Kosa lilikuwa langu, na kwa wiki mbili picha hizo zilikuwa hadharani, wazi kabisa, zikimwonyesha kila aliyezipakua mahali pasipo penyewe.

Kwa swali lako la pili, ndiyo, inawezekana. Mwaka 2010 mradi wa Einstein@Home ulitangaza pulsa mpya, PSR J2007+2722, iliyonaswa ndani ya data za darubini ya Arecibo, Puerto Rico, na kompyuta za nyumbani za watu waliojitolea. Arecibo yenyewe iliporomoka Desemba 2020. Data zake, kama petabaiti 3 (petabaiti moja ni gigabaiti milioni), zilinakiliwa na kupelekwa Texas, kwa hiyo dishi la mita 305 halipo tena na bado kuna watu wanalifanyia kazi.

Ila usianze na data ghafi. Hapo wengi hukata tamaa. VLA ina antena 27, na data zake si picha bali namba za kila jozi ya antena. Piga hesabu, ni jozi 351. MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye antena 64, ina jozi 2,016. Namba hizo husahihishwa kwanza kwa kutumia chanzo kinachojulikana, kama 3C 286, ndipo picha itengenezwe. Programu ya CASA inayofanya kazi hiyo ni ya bure, lakini utazamaji mmoja unaweza kujaza diski yako kabla hujajifunza kuwasha chochote.

Anza na picha zilizokwisha kutengenezwa: NVSS, VLASS, na LoTSS ya darubini ya LOFAR ya Ulaya. Fungua Aladin, programu ya bure ya kutazama anga, andika Cygnus A, galaksi inayong'aa sana kwa redio, halafu pandisha tabaka la redio juu ya picha ya mwanga wa kawaida. Unaweza kuvuta hazina nyingi kutoka dirisha moja kwa sababu tangu 2002 kuna muungano, IVOA, unaokubaliana jinsi hazina zinavyoulizwa na zinavyojibu. Kazi ya vikao vya kuchosha, lakini naiheshimu kuliko vioo na madishi.

Ninachokihofia ni kijacho. Darubini ya redio ya SKA inayojengwa Afrika Kusini na Australia inatarajiwa kuhifadhi takriban petabaiti 700 kwa mwaka. Hakuna atakayepakua hizo. Utatuma programu yako iende kwenye data, kwenye vituo vya kikanda vinavyozihifadhi, na atakayegawa muda wa kompyuta za vituo hivyo ndiye atakayeshika ufunguo, hata kama data zimeandikwa kuwa ni za umma. Hapo ndipo ningependa wenye mawazo wachangie.

Wewe pakua picha moja ya NVSS usiku huu, ni ndogo. Nakili kichwa chake chote ukiweke hapa, tukisome mstari kwa mstari. Usikisafishe.